Diogenes Yupi? Kuhusu Wajina Waliomezwa na Mtu wa Kasikini

Mwishoni mwa sura ndefu inayomhusu Diogenes wa Sinope, yule aliyemwambia Alexander Mkuu asogee asimzibie jua, mwandishi wa sura hiyo anaacha mizaha, anabadilisha sauti, na kutaja kwa mistari michache watu watano waliokuwa na jina hilo hilo. Wa kwanza alitoka Apollonia na alikuwa mchunguzi wa maumbile. Wa pili alitoka Sicyon na aliandika habari za Peloponnesus. Wa tatu ndiye huyu wa Sinope. Wa nne alikuwa Mstoiko, yaani mfuasi wa moja ya shule za falsafa za Athens, mzaliwa wa Seleukia, akaitwa wa Babeli kwa sababu miji hiyo ilikuwa jirani. Wa tano alitoka Tarso na aliandika juu ya masuala ya ushairi. Mwandishi mwenyewe, aliyeishi yapata karne ya 3 BK, naye anaitwa Diogenes, Diogenes Laertius. Msomaji aliyecheka kurasa nzima kwa visa vya Sinope huiruka aya hiyo kama mtu anavyoruka orodha ya waliochangia harusi. Mimi naona hakuna aya yenye kazi kubwa kuliko hiyo katika sura yote, kwa kuwa ndiyo pekee inayomzuia mtu mashuhuri asiwale wajina wake.

Hatari hiyo ni ya kweli, na inatokana na namna Wagiriki walivyopeana majina. Mgiriki alikuwa na jina moja tu. Alipohitaji kutofautishwa, jina la baba lilifuata, na alipokuwa ugenini ulitajwa mji wake. Kwa msomaji wa pwani yetu hili si geni: ukisikia kwamba Juma amefilisika, swali la kwanza ni Juma gani, bin nani, wa wapi. Diogenes maana yake ni aliyezaliwa na Zeus, na lilikuwa jina la kawaida kiasi hicho, jina la kila mtaa. Tatizo ni kwamba habari zinaposafiri kutoka lugha hadi lugha na karne hadi karne, jina la baba hudondoka kwanza, kisha mji, na linalobaki mkononi ni jina tupu. Jina tupu likishabaki, msomaji hulikabidhi kwa mtu mmoja anayemjua.

Hata mji nao hautoshi kila mara. Apollonia zilikuwa nyingi katika ulimwengu wa Wagiriki, na wataalamu wengi leo wanaelekea kwenye ile ya pwani ya Bahari Nyeusi kuwa ndiyo ya Diogenes wa kwanza, huku mapokeo mengine yakimpeleka Krete. Seleukia nayo, katika karne ya 2 KK pekee, ilitoa wanafalsafa wawili wenye jina hili, mmoja Mstoiko na mwingine Mwepikureo, yaani watu wa kambi mbili zilizokuwa zikibishana karibu juu ya kila kitu. Ukisema Diogenes wa Seleukia bila kutaja madhehebu yake ya falsafa, bado hujasema ni nani.

Huyu wa Sinope anajulikana, nami sitakaa kwake muda mrefu, ila kwa jambo moja ambalo hata yeye hutendewa visivyo. Picha za Ulaya zimemweka ndani ya pipa la mbao, na tafsiri nyingi zimezifuata picha hizo. Alichokaa ndani yake, kwa mujibu wa habari za kale, kilikuwa chombo kikubwa cha udongo cha kuhifadhia divai, mafuta au nafaka, kilichokuwa karibu na hekalu la Mama wa Miungu katika soko la Athens. Kiswahili hakina haja ya kuazima pipa hapa, kwa sababu neno lipo: kasiki. Mtu mzima aliyejikunja ndani ya kasiki kando ya soko ni picha kali kuliko ya pipa, maana kasiki ni chombo cha akiba, naye aliingia humo kutangaza kwamba hana akiba na haitaki. Kabla ya hapo alifukuzwa kwao kwa kesi ya kuharibu sarafu, kesi iliyomhusu pia baba yake Hicesias, aliyekuwa na dhamana ya fedha za mji. Kisa hicho kinaweza kusikika kama utani mwingine wa Sinope, lakini zimepatikana sarafu za mji huo zilizopigwa patasi ili zisitumike tena, na nyingine zenye jina la Hicesias. Katika Kigiriki neno la sarafu lina mzizi mmoja na neno la mila na sheria, na Diogenes aliishi maisha yake yaliyobaki akifanyia mila za watu kile alichoshtakiwa kuzifanyia fedha zao.

Kwa hiyo, anaposikia jina hili, msomaji hutarajia dharau kwa mali, dharau kwa cheo na ulimi mkali. Sasa mpeleke msomaji huyo kwenye kitabu cha tatu cha maandishi ya Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, juu ya wajibu, yaliyoandikwa mwaka 44 KK, ambako Diogenes mwingine anasimama upande wa mwenye shehena.

Kisa chenyewe ni hiki. Rhodes kuna njaa na bei ya nafaka imepanda mno. Mfanyabiashara mwaminifu anafika kutoka Alexandria na shehena kubwa. Akiwa njiani ameona majahazi mengine mengi yaliyojaa nafaka yakielekea huko huko. Je, awaambie watu wa Rhodes kwamba nafaka nyingine inakuja, bei ianguke palepale gatini, au anyamaze na auze kwa bei aliyoikuta? Diogenes wa Babeli, aliyekuwa mkuu wa shule ya Wastoiko mjini Athens, anasema muuzaji analazimika kutaja kasoro za bidhaa yake kwa kadiri sheria ya nchi inavyotaka, na asidanganye katika jambo lolote. Baada ya hapo, kwa kuwa ana mali ya kuuza, ana haki ya kutafuta bei nzuri. Kuficha ni jambo moja, anadai, na kutosema ni jambo jingine. Si kila ambacho kingekufaa kukijua ni deni langu kukuambia. Antipater wa Tarso, mwanafunzi wake, anampinga waziwazi: binadamu wamefungamana, faida ya wote ndiyo faida ya mmoja, kwa hiyo mnunuzi hapaswi kukosa kujua lolote analolijua muuzaji. Cicero anamwunga mkono mwanafunzi.

Mimi nadhani mwalimu alikuwa na hoja nzito kuliko Cicero anavyokubali, na yeyote aliyewahi kusimama sokoni asubuhi magunia yakishushwa anaijua. Mwenye lori la kwanza la mahindi anajua kuna malori mengine matatu nyuma yake. Akilazimishwa kutangaza, kesho hatakimbiza gari usiku ili afike wa kwanza, na wenye njaa watasubiri zaidi. Lakini niwe au nisiwe upande wake, hoja hii haiwezi kutoka kwa mtu wa kasikini. Yule alikuwa akiomba chakula mitaani. Huyu alikuwa mtu wa mihadhara, mwanafunzi wa Chrysippus, mtaalamu wa mantiki na lugha, ambaye mwaka 155 KK alipelekwa Roma na serikali ya Athens pamoja na wanafalsafa wenzake Carneades na Critolaus kwenda kuomba faini ya talanta 500 ipunguzwe, faini waliyotozwa Waathene kwa kuuvamia mji wa Oropus. Ikapunguzwa. Vijana wa Kirumi walivutiwa sana na mihadhara ya wageni hao, hasa ya Carneades, hata mzee Cato, mwanasiasa wa Kirumi, akataka kazi yao imalizwe haraka warudi kwao. Chukua sasa sentensi isemayo kwamba Diogenes alifundisha kuwa muuzaji si lazima aseme yote, iondolee neno Babeli, uiweke chini ya mchoro wa mzee mwenye ndevu na mbwa wake. Kila neno katika sentensi ni la kweli, na msomaji ameondoka na uongo mtupu.

Wa Apollonia naye huathirika, ingawa kwa njia nyingine. Aliishi karne ya 5 KK na alifundisha kwamba asili ya vitu vyote ni hewa, na kwamba hewa hiyo ina akili. Aristotle amehifadhi maelezo yake marefu ya mishipa ya damu, maelezo ya mtu aliyejaribu kufuata mishipa mwilini hatua kwa hatua, kutoka kichwani hadi miguuni. Mwaka 423 KK Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za vichekesho, alimpandisha jukwaani Socrates akiwa ananing'inia kapuni hewani ili fikra zake zichanganyike na hewa nyepesi inayofanana nazo, na waliofuatilia mambo hayo husikia humo mwangwi wa Diogenes huyu. Kwa maneno mengine, alikuwa maarufu kiasi cha mawazo yake kufanyiwa kichekesho, lakini kichekesho kikavishwa mtu mwingine. Karne moja baadaye akaja wajina wake mwenye kasiki, na hata jina likachukuliwa.

Wagiriki wenyewe waliiona hatari hii na wakaitafutia dawa. Katika karne ya 1 KK, zama za Cicero, Demetrius wa Magnesia aliandika kitabu kizima juu ya washairi na waandishi wenye majina yanayofanana. Kitabu hicho kimepotea, lakini Diogenes Laertius alikitumia, na orodha zake za wajina zinatokana kwa sehemu na kazi ya aina hiyo. Kwa jina Demetrius peke yake anahesabu watu 20 wanaostahili kutajwa, jambo linaloeleza kwa nini mtu aliyebeba jina hilo ndiye aliyeona haja ya kuandika kitabu kama hicho. Sitaki hata hivyo kumfanya Demetrius kuwa shujaa wa usahihi. Ni yeye huyo huyo anayenukuliwa akisema kwamba Diogenes wa Sinope alikufa Korintho siku ile ile Alexander alipokufa Babeli, mwaka 323 KK. Mtu aliyejipa kazi ya kutenganisha watu waliounganishwa na jina hakuweza kujizuia kuwaunganisha wawili kwa siku ya kufa, kwa sababu tu kisa kilikuwa kitamu.

Tena jina la Laertius mwenyewe lina fumbo. Katika tenzi za Homer, diogenes si jina la mtu bali ni sifa ya heshima, na Odysseus huitwa mara nyingi kwa maneno yanayosikika karibu kama jina la mwandishi wetu: mzaliwa wa Zeus, mwana wa Laertes. Ipo hoja kwamba Laertius ni lakabu iliyobuniwa kutokana na mstari huo, ili Diogenes huyu atofautishwe na wengine kwa mzaha wa kisomi. Ikiwa ndivyo, aliyeorodhesha wajina wa watu wote alilazimika naye kupewa jina la utani ili asipotee.

Kuna Diogenes mmoja ambaye Laertius hamtaji, na huyo alijihakikishia kutopotea kwa kutumia mawe. Katika karne ya 2 BK, mjini Oenoanda, milimani kusini magharibi mwa Uturuki ya leo, mzee mfuasi wa Epicurus alichongesha mafundisho ya falsafa yake kwenye ukuta wa baraza la wazi, maandishi yanayokadiriwa kufikia maneno 25,000. Anaeleza kwamba jua la maisha yake linakaribia kuzama, kwamba watu wengi wanaugua fikra potofu kama wanaoambukizana tauni, na kwamba ameandika pia kwa ajili ya watakaozaliwa baadaye na kwa ajili ya wale wanaoitwa wageni, kwa maana dunia yote ni nchi moja. Vipande vyake vilianza kutambuliwa mwaka 1884 na hadi sasa vimepatikana takriban 300. Aliyekuwa kasikini naye alisema kwamba yeye ni raia wa ulimwengu. Ni rahisi kuyachanganya maneno haya mawili, na si sawa: wa Sinope alikuwa akikataa kuwa wa mji wowote, wa Oenoanda alikuwa akimkaribisha mgeni asome ukuta wa mji wake.

Mwingine asiyetajwa anatugusa sisi kuliko wote. Claudius Ptolemaeus, mwanajiografia wa Alexandria, katika kitabu cha kwanza cha Jiografia yake cha katikati ya karne ya 2 BK, anamnukuu mtangulizi wake Marinus wa Tiro kuhusu safari kati ya Aromata, yaani Rasi Guardafui, na Rhapta, bandari ya pwani ya Azania, kama Wagiriki walivyoiita pwani ya Afrika Mashariki. Diogenes mmoja, miongoni mwa wale wanaosafiri kwenda India, alikuwa akirudi kwa mara ya pili. Alipokaribia Aromata alisukumwa na upepo wa kaskazini, na kwa siku 25, nchi kavu ikiwa mkono wake wa kulia, akafika kwenye usawa wa maziwa ambayo Nile hutokea, nayo Rasi ya Rhapta iko kusini yake kidogo. Papo hapo anatajwa Theophilus, mmoja wa wanaosafiri Azania, aliyetoka Rhapta kwa upepo wa kusini na kufika Aromata siku ya 20.

Nahodha yeyote wa Lamu au Unguja angeweza kuzisoma sentensi hizo bila mkalimani. Wa kwanza amekumbwa na kaskazi, wa pili amepanda na kusi. Kutoka Guardafui hadi pwani ya Tanzania ni zaidi ya kilomita 2,000, na siku 25 kwa chombo kilichochukuliwa na upepo badala ya kuuchagua ni hesabu isiyoshangaza. Rhapta yenyewe, kwa mujibu wa mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, ilipewa jina kutokana na vyombo vyake vya kushonwa, na pembe za ndovu zilikuwa nyingi huko pamoja na magamba ya kasa. Vyombo vya kushonwa pwani hii viliendelea kutengenezwa hadi enzi za mitepe ya visiwa vya Lamu, mbao kwa mbao, zikifungwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Kwa hiyo Diogenes huyu hakusukumwa hadi mahali pasipojulikana. Alisukumwa hadi kwenye soko.

Lakini tazama walichomfanyia waliomsoma baadaye. Katika simulizi inayorudiwa hadi leo, hasa tangu karne ya 19 Wazungu walipokuwa wakishindania chanzo cha Nile, Diogenes alishuka Rhapta, akatembea bara siku 25, akayaona maziwa mawili makubwa na milima yenye theluji, iliyoitwa Milima ya Mwezi. Simulizi ni nzuri, ila haimo katika sentensi ya Marinus. Siku 25 ni za baharini. Kushuka hakutajwi, kutembea hakutajwi. Milima ya Mwezi imo katika kitabu cha nne cha Ptolemaeus, mahali pengine kabisa, bila jina la Diogenes. Zaidi ya hayo, Ptolemaeus mwenyewe baadaye katika kitabu cha kwanza anasahihisha kwa kutumia habari za wafanyabiashara waliokuwa wakija Azania: maziwa ya Nile, wanasema, hayako karibu na bahari bali yako mbali bara. Sahihisho hilo lisingekuwa na maana kama Diogenes angekuwa ameyafikia kwa miguu, maana umbali ungekuwa umejulikana kutoka kwake.

Hata bila kufungua Ptolemaeus, hesabu ya miguu ilitosha kuleta shaka. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitoka pwani karibu na Bagamoyo mwezi Juni 1857, wakiwa na wapagazi na njia ya misafara iliyokwisha kukanyagwa, wakafika Ujiji Februari 1858. Speke aliliona Ziwa Nyanza mwezi Agosti mwaka huo. Baharia aliyepotezwa na upepo, bila msafara wala shanga za kulipia njia, eti alifika huko kwa siku 25.

Sidhani kwamba waliomwongezea safari walikusudia kudanganya. Jina lilikuwa tupu, na jina tupu huvuta mambo. Kama Diogenes wa Sinope alivyovutiwa vichekesho vya karne nzima, huyu naye akavutiwa milima na theluji. Tofauti ni kwamba wa Sinope alikuwa na mtu wa kumwandikia sura na kumwekea orodha ya wajina mwishoni, ilhali huyu hakuwa na nafasi katika orodha hiyo, kwa sababu iliandaliwa kwa ajili ya watu walioandika. Mfanyabiashara wa bahari hakuandika. Alisema bandarini, aliyesikia akamwambia mwingine, na habari ikamfikia Marinus ikiwa imebaki upepo, idadi ya siku na upande nchi ilipokuwa. Jina la baba yake halikufika, wala la mji wake. Marinus alipomtaja aliandika Diogenes fulani, kama tusemavyo Juma mmoja.